Nani anakula bata wangu? Shajara ya banda, Msabaha

Daftari la mayai ninalo tangu nilipoanza kufuga. Daftari la vifo sikuwa nalo, na ndiyo sababu mwaka jana nilipoteza bata saba na hadi leo siwezi kusema wameliwa na nani. Safari hii naandika kila kitu. Nipo Msabaha, ukitoka Malindi kuelekea Gede, na msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali na shamba letu. Bata ni kumi na wanne: madume wawili, majike kumi na wawili, wale wa kwetu wa kawaida wenye nyama nyekundu usoni. Banda ni la fito na udongo, paa la makuti, mbele nimeweka wavu wa kuku.

4 Machi

Nimefungua mlango asubuhi nikakuta majike wawili wamekufa. Mmoja kalala karibu na mlango, kichwa hana. Wa pili yuko kwenye kona, kifua kimefunguliwa upande wa kushoto na nyama imeliwa hadi mfupani, mabawa hayakuguswa. Damu ni kidogo mno kwa mauaji ya namna hii. Nimemchukua yule wa pili nikamweka juu ya gunia juani, nikapanua manyoya ya shingo kwa vidole. Nyuma, chini kidogo ya fuvu, kuna vitundu viwili vidogo, vimeachana kiasi cha upana wa kidole changu cha mwisho. Pembeni yake kuna vingine viwili hafifu. Hilo ni jino la mnyama mdogo anayejua kuua. Mbwa koko angewararua na kuwatupa huku na huku, angeua hata sita bila kula.

Usiku sikusikia chochote, na nimejilaumu kutwa nzima. Mama amenikumbusha kwamba bata hawa hawapigi kelele. Dume anafoka tu kama pumzi inayotoka kwenye baiskeli, jike ana mlio mdogo wa kooni. Kuku angeamsha mtaa. Bata anakufa kimya, na tena analala chini, kwenye kimo cha kila anayeingia. Wetu wana kucha na wangeweza kulala juu, lakini wakishanenepa hawapandi.

5 Machi

Nimechekecha majivu ya jikoni, nikachanganya na mchanga laini, nikamwaga mbele ya mlango na kuzunguka banda lote, upana wa hatua moja. Nimelainisha kwa ubao.

6 Machi

Nyayo zipo. Ndogo, za mviringo, vidole vinne vinaonekana wazi, alama ya kucha hamna. Mbwa na ngawa huacha alama za kucha, paka hafichui. Jirani yangu ana paka shume mkubwa wa rangi ya chungwa, na nimewahi kumwona amekaa juu ya ukuta wetu akiwatazama vifaranga.

Nimekwenda kwake. Nilimwamkia vizuri, lakini maneno yaliyofuata hayakuwa mazuri, nakiri. Bi mkubwa alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, paka huyu nimemlea mwaka wa tano na kuku wangu wanalala naye uwanjani. Basi kuanzia leo namfungia ndani kila usiku. Tuone."

11 Machi

Bata mwingine ameuawa. Jike, kifua kile kile, vitundu vile vile vya meno. Na paka amelala ndani ya chumba cha jirani. Kijana wake alikuja asubuhi kunionyesha, kambeba mikononi, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli tangu magharibi.

Sasa nimebaki na kumi na mmoja na aibu. Nimekaa chini na kuanza upya. Tangu mwanzo nilikuwa natazama chini tu, kwa sababu majivu yapo chini. Leo nimepanda ngazi. Juu, pale ukuta wa udongo unapokutana na makuti, kuna mwanya wa vidole vinne unaokwenda urefu wote wa banda. Fundi aliuacha ili hewa ipite, nami nikamsifu. Kwenye fito moja iliyochongoka nimekuta nywele tatu za kijivu zenye ncha nyeusi. Kisha nikapanda ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe ulio nyuma ya banda, na juu yake, mahali pamoja, kuna choo kikavu kingi kilichorundikana: manyoya, vipande vya mifupa ya panya, maganda ya wadudu. Paka hufukia choo chake. Huyu anakiweka juu, mahali pamoja, siku baada ya siku.

12 Machi, usiku

Nimekesha na tochi kwenye baraza. Saa saba na kitu nikasikia makuti yakikwaruza. Nikamulika. Macho mawili mekundu, mwili mrefu mwembamba wenye madoa, mkia mrefu kama mwili wenyewe, una pete nyeusi na nyeupe hadi ncha. Kanu. Alinitazama labda kwa muda wa kuhesabu tano, kisha akateremka upande wa pili kama maji yanavyomwagika.

Nyayo za kanu na za paka zinakaribiana mno. Wote huficha kucha wakitembea, na kidole cha tano cha kanu mara nyingi hakigusi ardhi. Kwa hiyo majivu hayakunidanganya, mimi ndiye niliyeyasoma haraka. Asubuhi nitampelekea jirani mayai na kumwomba radhi.

13 Machi

Radhi imepokelewa. Mayai pia. Tulikaa mkekani mpaka chai ikaisha.

Nyumbani maneno ni mengi. Mdogo wangu anataka kutega kwa kitanzi. Mtu mwingine amenishauri nipake dawa ya wadudu kwenye utumbo wa kuku nimwekee juu ya ukuta. Nimekataa mbele ya wote ili lisirudiwe. Sumu haichagui: wa kwanza kuila angekuwa yule paka wa chungwa, wa pili mbwa, kisha kipanga au bundi atakayeokota mzoga, na watoto wa hapa hucheza chini ya ukuta ule ule. Tena kanu ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kujiulia tu. Hata nikimwua, mwanya wa vidole vinne utabaki, na msitu una kanu wengi. Kinachotakiwa kufa ni ule mwanya.

20 Machi

Kazi ya wiki nzima. Naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo pesa na akili zilipokwenda.

Wavu wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, unazuia kuku wasitoke. Haumzuii mtu kuingia. Waya wake ni mwembamba, mbwa anaukata kwa meno, nyegere sijui kama atausikia hata. Na mnyama mwenye mkono mwembamba hahitaji kuingia: bata akilala ameegemea wavu, anavutwa kichwa kupitia tundu, na asubuhi unakuta mwili ndani na kichwa hakipo, unabaki kujiuliza aliingilia wapi. Nimeuondoa wote. Dukani Malindi nimenunua wavu wa kofitrei, ule wa kuanikia kahawa, wenye matundu yasiyozidi nusu inchi. Bei yake ilinifanya nitoke dukani na kurudi mara mbili. Wa zamani sikuutupa, utatumika uwanjani mchana.

Mwanya wa juu nimeuziba wote kwa kofitrei, nikaupigilia misumari yenye kofia kwenye boriti. Siyo kwenye fito: fito zikivutwa zinaachia. Kichwa cha kanu kikipita, mwili wote unapita, kwa hiyo nilipima kila pengo kwa yai. Penye kuingia yai, nimeziba.

Chini nimechimba mfereji wa sentimita 30 kuzunguka banda, wavu ukashuka ndani kisha ukakunjwa kuelekea nje, halafu udongo ukarudi. Mchimbaji huanza kuchimba pale pale ukutani. Akikuta wavu chini ya kucha zake, hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili. Mlangoni nimeweka kizingiti cha jiwe na komeo mbili, moja juu moja chini, maana mlango wenye komeo moja ukisukumwa chini unafunguka kama jani.

Hewa? Inapita vizuri kuliko zamani. Wavu haujafunga upepo.

30 Machi

Siku kumi bila kifo. Jike mwenye bawa jeupe ameanza kuatamia mayai 13. Bata hawa huatamia siku 35, si 28 kama bata wengine, kwa hiyo natarajia tarehe 4 Mei.

2 Aprili

Bundi amelia kwenye mwembe usiku kucha na leo kijana wa shambani kaja na manati. Hapa kwetu bundi akilia juu ya nyumba watu husema kuna msiba. Nimemzuia. Bundi mkubwa angeweza kuchukua kifaranga aliyeachwa nje, hilo kweli, lakini wangu wako ndani kabla ya magharibi, na nje bundi anakula panya wanaokula chakula cha bata. Nikamweleza pia habari za yule bundi mdogo wa Sokoke, wa sentimita 17 hivi, anayekula wadudu, na ambaye duniani kote anajulikana kuishi sehemu chache tu, zikiwamo msitu wetu huu na upande wa milima ya Usambara, Tanzania. Jiwe la manati gizani halitajua ni bundi yupi.

9 Aprili

Mayai yanapotea, na ni mchana. Siku nne, mayai tisa, kutoka kwenye viota vya chini ya mkorosho ambako majike wasioatamia hutaga wakishatoka.

Safari hii sikumtuhumu mtu. Nimeandika kwanza ninachokijua. Nguchiro hulipasua yai kwenye jiwe au gogo, analirusha kinyumenyume kati ya miguu, na huacha maganda. Panya hutafuna tundu lenye kingo za meno. Kunguru hutoboa kwa mdomo au huruka nalo. Hapa hakuna ganda, hakuna hata unyevu wa ute. Yai limemezwa zima.

10 Aprili

Majivu tena, chini ya mkorosho. Saa tano asubuhi nikakuta nyayo zenye vidole virefu na kucha, kushoto na kulia, na katikati yake mstari unaojipindapinda kama mtu kaburuta kamba. Mkia. Kenge, burukenge.

Nilimwona saa sita, akitoka kwenye mfereji, urefu wake kama mita moja, ulimi wa panda ukitoka na kurudi. Hakuwa na haraka. Dume alimfokea, mabawa yamepanuka, naye akampita kando kama hamwoni. Alifika kwenye kiota, akaingiza kichwa, akakinyanyua. Niliona yai likishuka kooni, uvimbe mweupe chini ya ngozi, taratibu. Nilipiga sufuria na akakimbia kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa kiumbe kilichotembea vile.

Mzee wa shamba la pili alisema, "Mwite kijana na panga." Nilimjibu kwa heshima kwamba kenge huyu amenifundisha saa zake. Anahitaji jua limpashe mwili ndipo atembee, na bata wangu wengi hutaga alfajiri na asubuhi mapema. Kwa hiyo kuanzia kesho hakuna bata kutoka kabla ya saa nne. Watataga ndani ya banda, mayai yataokotwa, kisha mlango utafunguliwa. Mzee alicheka, akasema atakuja kuona.

24 Aprili

Mzee amekuja kuona. Yai moja tu limepotea kwa wiki mbili, la jike mkaidi aliyetaga alasiri. Jike wa pili, wa kijivu, ameatamia tangu tarehe 17.

Nguchiro wamepita leo, kundi la kumi na zaidi, wakichimbua majani na kupiga vimluzi. Walitazama banda wakaendelea. Vifaranga wakitoka nitawaogopa, leo hapana.

3 Mei, usiku wa manane

Masika yameshika. Mvua siku ya tatu. Nimeamshwa na mlio wa jike, ule mdogo wa kooni, lakini usiokatika. Nilipofika na taa, bawa jeupe alikuwa amesimama ndani ya beseni la maji, anapigapiga miguu, na kiota chake kilikuwa cheusi na kinatembea.

Siafu.

Nilimwaga maji ya moto pembeni, nikaingiza mikono. Mayai manne yalikuwa bado hayajatobolewa na vifaranga, nikayafunga kwenye kanga. Mengine tisa yalikuwa yameanza kugongwa kwa ndani, na siafu huingilia pale pale kifaranga anapotoboa. Sitaeleza zaidi. Mikono imevimba hadi viwikoni. Kofitrei ya nusu inchi, mfereji, komeo mbili, vyote sawa, na mdudu wa chini ya sentimita mbili amepita katikati ya matundu na ndugu zake elfu nyingi.

4 Mei

Mayai manne yako kwenye kikapu chenye pamba na taa, siku ya 35. Watatu wametoka. Wa nne hakuwa na nguvu. Mama yao aliwapokea saa kumi jioni bila kusita, kama vile alijua idadi.

6 Mei

Kwa jike wa kijivu sitaki kurudia. Nimemtengenezea meza fupi, kila mguu wa meza umesimama ndani ya kopo la maji yenye sabuni kidogo. Watu hutia oili chafu ya gari, na kwa kuku huenda inafaa, lakini bata hutia mdomo kila penye umajimaji. Makopo nimeyafunika kwa kipande cha wavu. Kila jioni nayakagua: jani moja likianguka ndani linakuwa daraja. Majani yote yaliyogusa banda nimeyafyeka, maana siafu hupanda jani kisha wakashukia paa. Majivu makavu nimeyazungusha pia, yanasaidia mpaka mvua inyeshe, basi.

22 Mei

Vifaranga kumi na mmoja. Alhamdulillahi.

1 Juni

Kunguru wamechukua wawili, kipanga mmoja, siku tatu tu.

Kunguru nimewaona kwa macho. Wanakuja wawili. Mmoja anatua nyuma ya jike na kumvuta mkia. Jike akigeuka kwa hasira, wa pili anateremka mbele. Kazi inaisha kabla sijatoka jikoni. Ndege hawa wenye shingo ya kijivu si wa kwetu kwa asili. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaonekana Mombasa mwaka 1947, na leo Malindi wamejaa kila jalala. Mwaka 2024 KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja. Kwa hiyo nami nimeanza na jalala langu: utumbo wa samaki na mabaki ya ugali sasa yanafukiwa. Kunguru huja kwanza kwa takataka, kisha hugundua vifaranga.

Wa kipanga nilimjua kwa manyoya. Juu ya kisiki, manyoya laini ya manjano yamenyofolewa na kutandazwa mviringo, bila damu, bila mguu. Hakuna mnyama wa miguu minne anayepanga mezani namna hiyo.

5 Juni

Nimekwenda Mayungu kwa wavuvi, nikapewa nyavu chakavu kwa bei ya chai. Tumezitandaza juu ya uwanja wa vifaranga, kimo cha mtu, zimekazwa kama ngozi ya ngoma. Kukazwa ni lazima: wavu uliolegea unamnasa bundi usiku na nyoka mchana, na kumtoa fira kwenye wavu ni kazi nisiyoitaka. Pembeni ndipo ule wavu wa zamani wa kuku ulipopata kazi, mchana tu, nikiwapo.

29 Juni

Kusi inavuma. Vifaranga wanane wa kijivu na watatu wa bawa jeupe wote wapo. Kunguru wanatua juu ya nyavu, wanatembeatembea, wanatazama chini, wanaondoka. Kenge hupita mfereji wake saa sita kama kawaida. Nimemwona na panya mdomoni.

18 Julai

Majivu ya asubuhi yalikuwa na habari. Nyayo zimezunguka banda mara mbili, zikasimama mlangoni, zikapanda ukuta. Kwenye makuti kuna mkwaruzo mmoja mpya, pale pale ulipokuwa mwanya, na kofitrei imebonyea kidogo kama iliyosukumwa kwa kichwa. Haikuachia msumari hata mmoja. Kisha nyayo zikaondoka kwa mstari ulionyooka kuelekea msituni.

Nimehesabu mara mbili: wakubwa kumi na mmoja, wadogo kumi na mmoja.

2 Agosti

Mpishi wa hoteli moja mjini anataka bata sita mwishoni mwa mwaka. Nimemwambia wanne.

Wawili kati ya wadogo, jike na dume, nimempelekea jirani. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawaweka kwenye tenga, paka wa chungwa akaja kuwanusa na kwenda zake. Kisha akanipeleka kwenye banda la kuku wake na kuniuliza wataingia wapi. Niliinua macho: mwanya wa juu, vidole vitano. Nimebakiwa na mita mbili za kofitrei. Kesho baada ya kufungua wangu saa nne nakwenda na nyundo.